Kazi za wiki za Forza Horizon 5: mwongozo kamili kwa wachezaji wa Mtwara na Lindi

Pointi nyingi za wiki hupotea kabla gari halijawashwa. Mtu anashinda mbio tatu mfululizo kwa Toyota Supra ya mwaka usiotakiwa. Mwingine anafanya kazi ya sura ya tatu wakati ya pili bado imefungwa. Wa tatu anaacha mashindano ya timu hadi Alhamisi mchana, halafu umeme unakatika Shangani nzima. Kuendesha vizuri kunasaidia, lakini kinachojaza pointi ni kujua kazi ipi itangulie, kwa gari gani, na mtandao ukiwa katika hali gani.

Mwongozo huu ni wa Forza Horizon 5 iliyotengenezwa na Playground Games. Ilitoka Novemba 2021 kwa Xbox na kompyuta za Windows, na tarehe 29 Aprili 2025 ikafika PS5. Ramani yake ni Meksiko: vichochoro vya mawe vya Guanajuato, volkano La Gran Caldera, mchanga wa Dunas Blancas, misitu ya mvua, na barabara kuu ndefu ambayo utaipenda kuliko zote siku ukitafuta spidi. Kazi za wiki ziko kwenye ukurasa uitwao Festival Playlist. Simamisha mchezo, tafuta kigae chenye jina hilo. Kama ndiyo kwanza umeanza mchezo, maliza mbio za utangulizi na hatua chache za kampeni ndipo ukurasa ufunguke.

Wiki inavyohesabiwa

Kila mfululizo una wiki nne, na kila wiki ni msimu mmoja: Summer, Autumn, Winter, Spring. Katika Meksiko ya mchezo hiyo ni mvua, tufani, ukavu na joto. Theluji utaiona kule juu ya volkano tu. Msimu hubadilika kila Alhamisi saa 14:30 za UTC, ambayo kwetu ni saa 11:30 jioni. Saa inayohesabu kurudi nyuma kwenye ukurasa wa kazi ndiyo ya kufuata siku zote.

Kila wiki kuna zawadi mbili, kwa kawaida magari: moja ukifikisha pointi 20, nyingine ukifikisha 40. Kisha kuna zawadi za mfululizo mzima, pointi 80 na 160. Piga hesabu: 40 mara nne ni 160. Ukipata 40 kila wiki umemaliza kila kitu, na pointi za ziada za wiki nzuri zinaziba pengo la wiki mbaya. Kwa hiyo wiki ukisafiri kwenda Nachingwea au ukiwa na mitihani, usikate tamaa na mfululizo wote. Chukua 20, ufidie wiki inayofuata.

Mgawanyo wa kawaida wa pointi uko hivi, ingawa idadi ya kazi hubadilika wiki hadi wiki: kazi ya wiki yenye sura nne, pointi 5, kazi saba za siku, moja moja, ubingwa wa msimu, 5 kwa kila mmoja, vituko vya barabarani, 2 kila kimoja, picha, 2, kutafuta hazina, 3, mbio zilizotengenezwa na wachezaji wenzako, 3, na mashindano ya timu yaitwayo The Trial, 10. Sasa chukua wiki yenye ubingwa mara tatu na vituko vitatu. Ubingwa 15, kazi ya wiki 5, za siku 7, vituko 6, picha 2, hazina 3, mbio za wachezaji 3. Jumla 41. Umevuka 40 bila kucheza na mtu yeyote mtandaoni. Hesabu hii ni muhimu sana kwa mtu wa Newala au Ruangwa anayetegemea bando la simu: magari yote mawili ya wiki yanapatikana hata kama mtandao wako haubebi mbio za watu kumi na wawili.

Kabla ya Alhamisi: mashine, akaunti, nafasi

Kompyuta inahitaji angalau GB 110 za nafasi, RAM ya GB 8 na kadi ya picha ya daraja la GTX 970 au RX 470. Hicho ndicho kiwango cha chini. Kwa mchezo usiokwama unataka RAM ya GB 16 na GTX 1070 au RX 590. Kupakua GB 110 kwa mtandao wa Mbps 10 kunachukua zaidi ya saa 24 mfululizo. Kwa Mbps 20 ni kama saa 12. Mwenye faiba nyumbani anaacha usiku kucha. Mwenye bando la simu afanye hesabu mapema, au apeleke mashine kwa jamaa mwenye faiba Mtwara mjini, apakue hapo, arudi nayo Tandahimba. Kwa PS5 mchezo haukutoka kwenye diski, kwa hiyo hata mwenye kibanda cha kuchezesha gemu hana njia ya mkato. Habari njema ni kwamba ukishapakua, kucheza kwenyewe kunakula data kidogo ukilinganisha. Kinachoumiza ni masasisho, nayo yanakuja mara kwa mara mfululizo mpya unapoanza. Zima masasisho ya kujiendesha ikiwa bando ni dogo, na uyapakue usiku kwa bando la usiku.

Sasa akaunti, kwa sababu hapa ndipo ndugu hugombana. Maendeleo ya wiki yanakaa kwenye akaunti. Hayakai kwenye mashine. Ukicheza kwenye kibanda kwa akaunti ya mwenye kibanda, pointi na magari ni yake. Kaka na mdogo wake wanaotumia PS5 moja kule Chikongola wafungue kila mmoja yake, na kwenye PS5 kila akaunti lazima iunganishwe na akaunti ya Microsoft. Vilevile, magari ya PS5 hayahamii Xbox, na ya Steam hayahamii Xbox. Toleo la duka la Microsoft kwenye kompyuta ndilo linaloshirikiana na Xbox. Chagua nyumba moja ukae hapo.

Mchezo lazima uwe mtandaoni ili kazi za wiki zihesabiwe. Kwa kazi za peke yako, mtandao wa simu unatosha. Kwa mbio za watu, tumia waya wa mtandao kutoka kwenye ruta kama upo, au WiFi ya 5 GHz na ukae karibu. Ukitumia simu kugawa mtandao, iweke dirishani upande wa mnara, uichomeke chaja, uzime masasisho yake yote. Kwenye Xbox na PS5, kucheza na watu kunahitaji usajili wa kulipia wa mashine yako. Kwenye kompyuta hauhitajiki.

Kuhusu umeme: UPS (betri ya akiba) ndogo ya 650 VA inabeba mashine na TV kwa dakika chache, za kutosha kumaliza mbio uliyomo na kuzima kwa utaratibu. Ruta nayo iwe kwenye UPS hiyo hiyo, la sivyo gari linaendelea huku mtandao umekatika. Na kwa wanaokaa pwani kabisa, Mikindani au Lindi mjini karibu na maji: hewa ya chumvi na vumbi vinaganda kwenye feni. Pulizia matundu kila mwezi. Mashine ikipata joto sana inapunguza kasi, na ukikosa kona katikati ya Guanajuato kwa sababu ya picha kukwama, hilo si kosa la mikono yako.

Alhamisi saa 11:30 jioni: kaa na daftari

Usiendeshe. Fungua ukurasa na usome kila kigae. Andika mambo matatu kwa kila kazi: gari linalotakiwa, daraja, aina ya mbio. Dakika kumi hizi zinaokoa saa mbili.

Madaraja yanatokana na namba ya uwezo wa gari: D ni 100 hadi 500, C 501 hadi 600, B 601 hadi 700, A 701 hadi 800, S1 801 hadi 900, S2 901 hadi 998, na X ni 999. Ubingwa wa daraja A unataka gari la 800 au chini. Likiwa 801 limekuwa S1 na mlango unafungwa.

Unachotafuta kwenye daftari ni kazi zinazogongana. Kazi ya wiki ikitaka Toyota na ubingwa mmoja ukitaka magari ya kundi ambalo Toyota hiyo imo, unatengeneza gari moja kwa kazi mbili. Kazi ya siku ikisema shinda mbio ya vumbi, na ubingwa wako wa vumbi bado, usishinde mbio ya peke yake. Ngoja, fanya ubingwa siku hiyo, yote yahesabiwe pamoja. Angalia saa iliyo kwenye kila kigae cha kazi ya siku kabla ya kuamua kungoja. Wachezaji wanaofikisha 40 kwa saa nne na wanaofikisha kwa saa tisa hutofautiana hapa tu.

Halafu hakikisha magari yapo. Anzia duka la magari la mchezo. Lisipokuwepo pale, nenda kwenye mnada. Mnadani tafuta kwa kampuni na modeli, panga kwa bei ya kununua papo hapo, na usinunue la kwanza unaloliona Alhamisi jioni. Gari la kazi ya wiki hupanda bei saa za mwanzo kwa sababu dunia nzima inalitafuta, kisha hushuka Ijumaa na Jumamosi. Kama ni gari la zawadi ya wiki hii hii, usilinunue kabisa. Utalipata kwa pointi.

Kazi ya wiki, sura kwa sura

Sura ni nne na zinafunguka kwa mpangilio. Ulichofanya kabla sura haijafunguka hakihesabiwi, hata kiwe kizuri namna gani. Tuseme wiki hii inataka Toyota Supra RZ ya 1998. Sura ya kwanza: miliki na uendeshe gari hilo. Ya pili: pata nyota kwenye mitego ya spidi, yaani kamera za barabarani zinazopima mwendo wako. Ya tatu: shinda mbio za mitaani. Ya nne: kusanya ujuzi wa kuserereka.

Hatari ya kwanza ni mwaka. GR Supra ya 2020 ni Supra, lakini si hii. Soma mwaka, soma herufi za mwisho za jina. Hatari ya pili ni kubadilisha gari katikati. Ukiona uchovu ukapanda gari lingine kwa ajili ya mtego mmoja tu, mtego huo haukuhesabiwa. Baada ya kila tendo, fungua ukurasa uone namba imesogea. Ikiwa haijasogea baada ya tendo la kwanza, usirudie mara kumi. Kuna sharti hujalitimiza.

Hatari ya tatu ni aina ya mbio, na hii ndiyo inayokula muda wa watu wengi. Mbio za lami za mchana, mbio za vumbi, mbio za porini, mbio za mitaani zenye magari ya watu barabarani, na mbio fupi za kunyooka ni makundi tofauti, kila moja na alama yake kwenye ramani. Lami ya mchana na mtaa wa usiku zote ni lami. Mchezo hauoni hivyo. Chuja ramani ibaki na aina unayotaka kabla ya kwenda.

Kwa sura za kushinda, ukali wa wapinzani kwa kawaida hautajwi. Basi weka kiwango cha chini kabisa, ushinde, usonge. Mbio za kunyooka ndizo fupi kuliko zote sharti likiruhusu. Kwa mbio za kuzunguka, mwanzoni mwa mbio unaweza kutengeneza toleo lako mwenyewe la mbio hiyo na kuweka mzunguko mmoja badala ya mitatu.

Sura za ujuzi zina kanuni moja: msururu. Kila tendo, yaani kupita karibu na gari la mtu bila kuligusa, kuvunja uzio, kuruka, kuserereka, linaongeza msururu na kuzidisha alama. Ukigonga kitu kigumu, alama zote za msururu huo zinapotea. Ukitulia sekunde chache bila tendo, zinaingia benki. Kosa la kawaida ni tamaa: mtu ana alama nyingi mkononi, anataka kidogo zaidi, anagonga ukuta. Ukiona umefika unachotaka, nyoosha gari, achia mafuta, ngoja ziingie. Kwa kupita karibu na magari tumia barabara kuu. Kwa kuvunja vitu tumia mashamba yenye nyua na midungusi ya jangwani. Kwa kuruka, vilima vya mchanga.

Ubingwa wa msimu: hapa kuna pointi, hapa tulia

Ubingwa mmoja ni mbio tatu. Unashinda kwa jumla ya pointi za mbio zote, kwa hiyo ukiwa wa pili kwenye ya kwanza, bado unaweza kuchukua kombe ukishinda zilizobaki. Wapinzani lazima wawe angalau kiwango cha Highly Skilled. Ukishusha chini ya hapo utaendesha bure. Kigae kinaandika kiwango kinachotakiwa, kisome.

Mbio tatu na muda wa kupakia huchukua kama dakika 20 hadi 25. Usianze ubingwa ukiwa umebakiwa na dakika kumi na tano za kibanda, wala taa zikiwa zinacheza. Ukikatiwa katikati, jiandae kuanza upya.

Kutengeneza gari. Kwa asiyependa ufundi, mchezo una mipangilio iliyotengenezwa na wachezaji wengine. Kwenye gereji tafuta mipangilio ya gari lako, au andika namba ya tarakimu tisa uliyopewa na mwenzako. Mpangilio ni bure, ila vipuri usivyonavyo vinatozwa CR, fedha ya ndani ya mchezo. Angalia kwamba umeandikwa kwa daraja na aina ya mbio unayoitaka. Mpangilio mzuri wa lami kwenye vumbi ni sawa na kupandisha gari la chini Newala masika.

Kwa anayetaka kujitengenezea, fuata mfuatano huu. Kwanza tairi: za lami kwa lami, za rali kwa vumbi, za porini kwa porini. Usiweke tairi kali kuliko zote kwa sababu tu zipo. Zinakula namba ya uwezo ambayo ungeitumia kwenye injini, na kwenye daraja B au C mara nyingi tairi za michezo zinatosha. Pili, punguza uzito. Gari jepesi linafunga breki vizuri, linakata kona, na linaondoka haraka, yote kwa malipo mamoja. Tatu, kwa vumbi, porini na wiki ya mvua, badilisha liwe la kusukumwa na magurudumu manne. Nne, springi na shokomzoba: za rali kwa vumbi, za mashindano kwa lami. Tano, injini, mpaka ukaribie dari. Mwisho kabisa tumia vipuri vidogo, ekzosi, kichujio cha hewa, rimu, kusogea pointi moja moja hadi 800 kamili au dari yoyote ya daraja lako. Gari la 771 kwenye mbio za 800 limeacha uwezo mwingi nyumbani.

Kisha gia. Endesha mbio ya kwanza na utazame sindano ya mzunguko kwenye mnyoofu mrefu kuliko wote. Gia ya mwisho ikigonga ukingo mwekundu kabla mnyoofu haujaisha, sogeza uwiano wa mwisho upande wa spidi. Kama hujawahi kuifikia gia ya mwisho, sogeza upande wa kuondoka. Rekebisho hili moja lina faida kuliko mengine yote kwa anayeanza. Gari likigoma kuingia kona, legeza ugumu wa mbele. Mkia ukikimbia, legeza ugumu wa nyuma. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, vinginevyo hutajua kipi kimesaidia.

Namna ya kuendesha: ABS, msaada unaozuia tairi kujifunga unapokanyaga breki, iache imewashwa. TCS, ule msaada unaozuia tairi kuzunguka bure, uzime kwa gari la magurudumu manne, uwashe kwa gari la nyuma lenye nguvu nyingi hadi mkono ukomae. Washa mstari wa kuongoza wa breki tu. Ule wa njia nzima unakufanya uutazame mstari usiitazame barabara. Funga breki gari likiwa limenyooka, achia, ndipo ukate. Kwenye kona ya kwanza wapinzani wote hurundikana. Funga mapema kidogo, pita ndani wakati wao wanapanuka. Ukikosea, rudisha nyuma. Kitufe hicho kipo na hakipunguzi pointi za ubingwa.

Vituko vya barabarani

Kuna mtego wa spidi, eneo la spidi, ubao wa kuruka, eneo la kuserereka, na njia ya mkato ya porini. Kila kimoja kinashindwa kwa sababu yake.

Mtego wa spidi ni suala la umbali wa kuanzia. Rudi nyuma zaidi ya unavyofikiri, geuza, njoo ukiwa umenyooka. Eneo la spidi linapima wastani, kwa hiyo spidi ya kuingilia ndiyo mtaji. Ukiingia polepole huwezi kufidia ndani. Ubao wa kuruka unataka gari linyooke na mbao. Gari likiondoka limepinda, linapoteza mita nyingi angani. Njia ya mkato ina lango la kuanzia na la kumalizia, na katikati hakuna barabara unayolazimika kuifuata. Fungua ramani, chora mstari, kata msitu, ila ogopa miti minene, kwa sababu myembamba inavunjika na minene haivunjiki.

Eneo la kuserereka ndilo linalowatesa wengi. Tumia gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma, zima TCS na STM (msaada unaolituliza gari lisiyumbe), gia za mkono, kaa gia ya pili au ya tatu. Alama zinatokana na pembe na mwendo kwa pamoja. Ukikata sana gari linakufa, ukikata kidogo hupati kitu. Anza kuserereka kabla ya lango ili uingie tayari umepinda. Usiguse breki ya mkono katikati ya kona ndefu. Shikilia kwa mafuta.

The Trial na mbio za watu

Wachezaji sita kwa pamoja dhidi ya magari sita ya kompyuta ya kiwango cha juu kabisa, Unbeatable. Mbio hadi tatu, timu inayoshinda mbili imeshinda. Pointi 10 kwa mpigo mmoja, na kwa mwenye mtandao mzuri hakuna njia ya haraka zaidi ya kuvuka 20.

Timu inashinda kwa jumla ya nafasi za wote. Mtu mmoja akiwa wa kwanza na watano wakawa nyuma, mmeshindwa. Kwa hiyo kazi yako, hata ukiwa wa nne, ni kuhakikisha unalipita gari moja zaidi la kompyuta. Usimgonge mwenzako kwenye kona ya kwanza. Ukimwona anakuja kwa kasi kuliko wewe, mpishe ndani. Hapa hakuna kurudisha nyuma, basi endesha asilimia tisini ya uwezo wako na ukae barabarani. Mkipoteza mbio ya kwanza usitoke. Timu nyingi hugeuza matokeo, na ukitoka unawaachia watano pengo.

Saa nzuri kwetu ni kati ya saa 3 na saa 6 usiku, Ulaya ikiwa imerudi kutoka kazini na watu ni wengi. Ijumaa na Jumamosi ni bora kuliko Jumatano, ambapo waliobaki mara nyingi ni walioshindwa wiki nzima. Tengeneza gari lako siku kabla, ulijaribu kwenye mbio ya kawaida ukiwa umeweka Unbeatable. Ukimaliza nafasi ya tatu peke yako, uko tayari.

Vilivyobaki

Picha: gari sahihi, mahali sahihi, gari lionekane lote kwenye fremu, kisha piga na usubiri mchezo umalize kuichakata. Ukitoka mapema haihesabiwi.

Hazina: kitendawili kinaficha gari na tendo. Ukitenda sawasawa, duara linatokea kwenye ramani. Ingia humo, zunguka polepole, ligonge sanduku.

Mizunguko ya mwezi dhidi ya saa inakaa wiki zote nne, nayo inataka mzunguko safi mmoja tu: bila kugusa ukuta, bila kukata kona, bila kurudisha nyuma. Ifanye wiki ya kwanza, dakika tano imeisha.

Kusafiri ramani nzima kwa gari kunakula muda kuliko mbio zenyewe. Nyumba iitwayo Buenas Vistas inauzwa CR 2,000,000 na inakuruhusu kuruka hadi barabara yoyote. Kila ruka ina nauli, na kuvunja mbao 50 za usafiri zilizotawanyika kwenye ramani kunaishusha nauli hiyo hadi bure. Hii ndiyo nyumba ya kuinunua kabla ya gari lolote la kifahari.

Ukilipia kwa nusu saa kibandani, panga hivi: nusu saa moja kwa ubingwa mmoja, nyingine kwa vituko vitatu pamoja na kazi za siku, nyingine kwa sura mbili za kazi ya wiki. The Trial ipangie saa nzima.

Pointi zisipoonekana, usizime mashine. Rudi kwenye ukurasa, angalia tiki. Kama haipo, hakikisha mchezo haujaandika kwamba umekatika mtandaoni. Unganisha tena, endesha dakika moja, angalia tena. Jumatano usiku pitia vigae vyote mara ya mwisho. Ukiwa na 18 au 38, tafuta kituko kimoja ambacho hujakifanya, kwa sababu hicho kinakamilisha kwa dakika tano. Usianze ubingwa mpya Alhamisi saa 11 jioni. Mbio ya tatu ikivuka saa 11:30, msimu umeshafungwa ukiwa barabarani.